Mbuzi Wanaolala kwa Wengine

Uholanzi,
mwezi wa kumi

Baba yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umeketi, mguu umeinuliwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua vizuri, na pengine hata sasa Mwende anausomea mgongo wako ukielekea zizini. Mimi ni mzima. Kifua kilinisumbua baridi ilipoanza, sasa kimetulia. Mama hajambo? Kile kikohozi chake cha asubuhi kimeisha au anakificha? Na ndengu zimeota safari hii, ama mvua imetudanganya? Tangu mafuriko ya Elinino yatubebee daraja, nikiomba mvua kanisani huwa namtajia Mungu na kipimo.

Shemeji Mwende, asante kwa kuwa macho ya mzee. Naandika kwa Kiswahili kwa ajili yako, kwa maana Kimbeere chako bado kinatambaa, na sisi tuliokuoa kutoka Mwingi hatuna haraka. Soma polepole. Pale nitakapomtania mzee usipunguze, na pale nitakapolalamika usiruke, hata akikukazia macho.

Baba, barua yako niliipata siku ya mvua ya upande, mvua ya huku ambayo haianguki bali inakupiga mashavuni. Niliisomea mlangoni kabla ya kuvua koti. Nilifurahi ulivyosema, "Mguu bado inanibeba. Ukirudi tutatembea, nikuonyeshe mbuzi mahali ziko, kwa sababu mimi sio wa kukaa milele." Nilicheka peke yangu kwa kuwa niliisikia sauti yako kabisa, hata ule mguno unaoutoa ukitaja kufa kama mtu anayetaja safari ya soko la Siakago.

Kisha nikageuza ukurasa. "Lakini hao watu wanakataa wewe. Nthiga amesema mtu ya kodi kazi yake ni kuhesabu, na mtu ya kuhesabu hawezi simama kwa mlango yake mbuzi zikiingia. Wengine wamefuata yeye. Labda nitaonyesha Njiru peke yake."

Sitazunguka, Baba. Iliniuma. Najua safari hiyo maana yake ni nini. Mbuzi uliowalaza kwa rafiki zako, Nthiga na wenzake, kutoka kwetu mpaka huko chini karibu na mto, hawajaandikwa popote. Wanajulikana kwa neno lako na neno la aliyekulazia, basi. Mtoto ambaye baba yake hakumsimamisha mbele ya rafiki hao akasema "huyu ni wangu," siku baba akiondoka, yule mtoto ni mgeni tu anayepita njiani. Mimi ni kifungua mimba wako, nimepewa jina la baba yako, halafu nipite njiani kama mgeni? Simwonei mdogo wangu Njiru wivu. Njiru amekaa nyumbani, amechimba mitaro, amewatibu mbuzi kupe na homa wakati mimi nilikuwa nikigonga mihuri katika ofisi ya kodi. Mwonyeshe, anastahili. Lakini nilikaa pale mlangoni na koti langu likichuruzika, na yule Mzambia ninayekaa naye chumba kimoja, Bwana Banda, akaniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Nikamwambia hakuna msiba, ni mbuzi. Akasema kwao pia mambo huanza hivyo hivyo.

Huyu Banda ni mtu wa kodi kama mimi, serikali yake imemleta kwenye mafunzo haya haya. Ananisaidia kuishi. Tulipata unga wa mahindi kwa Mturuki mmoja mwenye duka, mweupe na laini kuliko inavyofaa, lakini ukiukoroga kwa hasira unakuwa ugali. Mboga ni kabichi, na kesho yake kabichi. Watu wa hapa huenda kazini kwa baiskeli, wazee kwa vijana, hata mama mwenye rinda la harusi nimemwona kwa macho yangu. Nilijaribu siku moja. Mama Kendi wangu atakusimulia, nimekwisha kumpigia simu akacheka mpaka sarafu zikaisha.

Sasa nikueleze kinachonifanya nikae darasani kama mtoto, maana uliniuliza na sikukujibu vizuri. Unaikumbuka ile kompyuta uliyoiona benki Embu, ukauliza televisheni gani hiyo isiyo na habari? Kuna makampuni makubwa yanayotengeneza vitu hivyo, yana matawi kila nchi. Zamani mali yao ilikuwa kile chuma chenyewe, na chuma ukikileta bandarini afisa wa forodha anakiona. Siku hizi mali iko katika yale maagizo yaliyomo ndani, yanayoiambia mashine ifanye nini. Hayana uzito hata wa unyoya. Unaweza kuyapitisha kwenye waya wa simu yakafika Nairobi hakuna aliyebeba kitu.

Kampuni moja ya namna hiyo ndiyo faili langu, na jina lake sitalitaja. Tawi lake la Nairobi linauzia mabenki, mahoteli, mpaka serikali yenyewe. Kila mwaka linakuja ofisini kwetu na uso wa matanga: tumepata hasara, hatuna kodi ya kulipa. Ukiuliza mauzo yote yale yalikwenda wapi, unaambiwa yamelipwa kwa kampuni dada iliyo huku ng'ambo, kama ada ya kutumia jina na ujuzi wa kampuni. Dada ndiye mwenye jina. Na dada amekaa kwenye nchi isiyotoza jina kodi ya maana. Hivyo Nairobi wanabaki na kilio, na faida yote inalala kwa dada.

Mwalimu wetu, mama mmoja mrefu anayeinama akipita mlangoni, aliuliza nani anaweza kulieleza jambo hili kwa maneno ya kwao. Nami, Baba, kichwa changu kikakimbilia kwako. Nikawasimulia jinsi askari wa kodi walivyokuwa wakija enzi za mkoloni kukamata mbuzi wa mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba, na jinsi wewe, kijana mwenye miguu miwili mizima, ulivyowatoa mbuzi wa babu ukawapeleka kwa rafiki huko bondeni, mkamwachia askari wale wawili wenye upele. Nikawaigizia babu anavyomwambia askari, "Hawa ndio mali yangu yote, afande, chukua." Darasa likavunjika kwa kicheko. Nikasema: tawi la Nairobi linatuonyesha wale wawili wenye upele.

Mwalimu alipenda sana. Akauliza, "Na baba yako alikuwa na mbuzi wangapi kwa jumla?"

Nikaifunga kalamu yangu.

"Kwa kukadiria tu," akasema.

"Sijui," nikamwambia. "Sisi hatuhesabu."

Hapo Banda akapiga meza. Mtu wa kodi asiyehesabu! Mhindi aliyeketi mbele yangu akafuta machozi. Nikawaambia kwetu mifugo na watoto hawahesabiwi kwa mdomo, ni kuwaitia mabaya, na sikujali tena wakicheka. Nikaeleza kwamba hata hivyo hakuna mbuzi anayepotea, kwa maana jioni unakaa mlangoni wakiingia na unauliza, "Yule mwenye soksi nyeupe yuko wapi?" Humtafuti kwa idadi, unamtafuta kwa kuwa unamjua. Mwalimu akatikisa kichwa akasema hilo ni somo la siku nyingine, akarudi ubaoni.

Huko ubaoni mambo ni magumu kuliko mbuzi. Sheria inayoshikwa na serikali nyingi inasema hivi: ndugu wakiuziana kitu, wauziane kwa bei ambayo watu wasiojuana wangeuziana. Dada akilitoza tawi la Nairobi bei ya ajabu, afisa ana haki ya kuikataa na kuweka bei ya haki. Inapendeza ukiisikia. Lakini wewe ulipomuuzia ami Njagi lile beberu kwa bei ya kindugu, mlinuniana mwaka mzima kila mmoja akiona amepunjwa, na beberu lilikuwa limesimama hapo mnaliona. Banda aliuliza bei ya jina la kampuni utaijuaje ikiwa hakuna soko ambako majina hayo yanauzwa na wasiojuana. Mama mrefu akashusha pumzi. Akasema hilo ndilo swali ambalo wenzake wanalipwa kulijibu na bado hawajalijibu.

Tena kuna sheria nyingine inayosema serikali itoze kampuni ya kigeni ikiwa tu ina mahali imekaa nchini, ofisi, duka au ghala. Sasa kama mali inapita kwenye waya wa simu, duka liko wapi? Kwenye waya? Kwa mnunuzi? Ndani ya ile kompyuta kubwa inayotuma, ambayo pengine iko chumba cha chini Amerika? Mataifa makubwa yanafanya mikutano juu ya jambo hilo, yanakubaliana kukutana tena. Sisi tunaotoka kwenye nchi ndogo tunapewa viti vya nyuma na makaratasi mazito. Siyo kwamba wanatuchukia. Hawajatufikiria tu, na kwa faili langu matokeo ni yale yale.

Basi akaja mgeni kutufundisha upande wa pili. Nitamwita Bwana Tai kwa sababu ya tai zake, kila siku rangi ya maua mengine. Kazi yake ni kuyashauri makampuni yalipe kodi kidogo iwezekanavyo bila kuvunja sheria. Ni mtu mchangamfu, anasikiliza ukiongea, na mimi nilimpenda, sitadanganya. Mwalimu alimsimulia kuhusu mbuzi wako. Wiki iliyofuata Bwana Tai akarudi, akaweka picha ya mbuzi ukutani, mbuzi wa manyoya marefu ambaye kwetu angekufa kwa joto kabla ya saa nne, akasema, "Jambo hili ni la asili. Hata wafugaji wenye hekima wa juu ya Mlima Kenya wamelifanya tangu zamani." Juu ya mlima! Sisi tunaokaa chini tukiutazama kwa mbali tukiwa na kiu.

Watu wakanigeukia wakitabasamu. Nami nilihisi kama mtu aliyekuta shati la baba yake limevaliwa na mwingine sokoni. Nilikuwa nimelitoa mwenyewe, lakini si kwa kazi hiyo.

Baadaye akaninunulia kahawa. Akaniambia maneno ambayo nimeyaweka moyoni mpaka leo ninapokuandikia. Kampuni yao ya ushauri inataka mtu anayeijua ofisi ya kodi ya Afrika Mashariki kutoka ndani. Nibaki huku miaka michache nijifunze, Mama Kendi na mtoto waletwe, kisha nirudi Nairobi kuwafungulia ofisi. Mshahara aliotaja sitauandika, Mwende asije akapoteza sauti.

"Tena hutakuwa mtu wa kodi tena," akasema akicheka. "Watu watafurahi kukuona ukija."

Hakujua alikuwa amegusa wapi. Baba, nilimwona Mzee Nthiga wazi wazi, na majani yake ya muguka ya kutafuna shavuni, akinifungulia mlango. Nikiacha kazi hii, pingamizi lake limekwisha. Sitakuwa mtu wa kuhesabu. Lakini miaka michache ya Bwana Tai ni mingi kwa mguu wako. Nikichelewa utakuwa umemwonyesha Njiru, ama hutaweza kumwonyesha yeyote. Na nikirudi sasa, narudi nikiwa yule yule wanayemkataa. Siku kadhaa sikula vizuri, mpaka Banda akaniuliza tena habari za wale mbuzi.

Jumapili, baada ya ibada, nikaenda kumtafuta dada. Yule dada wa faili langu, mwenye jina. Anwani yake naijua kwa moyo na kumbe haiko mbali na kanisa. Nilikuta nyumba nzuri ya matofali kando ya mfereji. Mlangoni kuna kibao cha shaba chenye majina ya makampuni, mengi, yamebanana kama watu kwenye kadi ya mchango wa harambee. Jina la faili langu lilikuwemo katikati. Nikachungulia dirishani: meza moja, simu, kiti, mti kwenye chungu. Mama mmoja aliyepita na mbwa akaniuliza namtafuta nani. Nikamtajia.

"Hapo hakai mtu," akasema. "Huwa anakuja msichana kumwagilia ule mti."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu mweusi kwenye mtaa ule. Nilikuwa nakumbuka ukame wa themanini na nne. Zizi letu lilibaki mifupa na harufu. Mama alikuwa amejifungua Wanja, maziwa yamemkauka, mtoto analia sauti ya paka. Ndipo Nthiga akatokea na vumbi mpaka kope, amevuta mbuzi jike mwenye kiwele kwa kamba kutoka mtoni. Akasema, "Huyu ni mtoto wa mtoto wa yule wako. Wanangu wamekunywa maziwa ya mama yake, sasa ni zamu ya wako." Akanywa maji akarudi kwa miguu. Mama akafunika uso kwa leso. Wanja leo yuko kidato cha pili na anavaa viatu vikubwa kuliko vyangu.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la kumpa Bwana Tai, nililolikosa darasani. Mbuzi wako walilala kwa mtu. Walikuta moto unawaka, watoto wakawanywa maziwa, na njaa ilipokuja maziwa yakarudi. Ile pesa ya Nairobi inalala mahali pasipo na mtoto, imetoka kwa watu ambao hawataiona ikirudi.

Usidhani nakuita mwizi, wala usidhani nakuita shujaa. Serikali ile ilikutoza kodi ya nyumba uliyojijengea mwenyewe, ikakuvisha kipande shingoni, na ukiuliza unapata nini ulionyeshwa mjeledi. Ningekuwa wewe ningewaficha na wale wawili wenye upele. Najua pia utakalosema sasa, maana umelisema kila Krismasi: na hii serikali yetu, inapeleka wapi? Una haki ya kuuliza, na mara nyingine mimi niliye ndani nikiulizwa natazama chini. Lakini Baba, wewe ukipeleka mbuzi mmoja soko la Ishiara unatozwa langoni. Mama wa nyanya anatozwa kabla hajauza hata moja. Zahanati yetu haina pamba. Daraja liko pale pale mto ulipoliacha. Na mwenye mali isiyo na uzito anapita akitupungia mkono, na kwa sheria kama zilivyo amekosea nini? Mtu lazima akae mlangoni aulize yule mwenye soksi nyeupe yuko wapi. Mimi naijua kazi hiyo, na naipenda, hata kama inanifanya nichukiwe na wazee ninaowapenda.

Nilimpigia Mama Kendi kabla ya kutoa jibu. Hakuniambia nikatae wala nikubali. Unamjua binti wa huko Kanyakine, hasukumwi na hasukumi. Alisema, "Hiyo job ni yako, mimi siwezi kukuchagulia. Lakini mzee alikuja hapa town juzi na hiyo mguu yake. Akaniuliza utarudi lini. Tukakunywa chai, akaniuliza tena. Halafu akajifanya ni bei ya viazi alikuwa anataka kujua."

Baba, bei ya viazi! Wewe ambaye huli viazi!

Nilikata simu nikalia kidogo kwenye kile kibanda cha simu, kijana mmoja akisubiri nje na baiskeli yake. Sioni aibu kukuambia.

Kesho yake nilimkuta Bwana Tai kwenye ngazi, nikamshukuru, nikamwambia narudi kazini kwangu. Hakukasirika. Aliuliza kama ni mshahara. Nikamwambia ni baba yangu, na tena ni faili langu. Kisha nikamwomba asitumie tena ile hadithi ya mbuzi.

"Lakini hadithi ni ya kila mtu," akasema.

"Hii ina mwenyewe. Na mbuzi wake walikuwa wanakamuliwa. Ile nyumba ya mferejini ina mti tu."

Akacheka, akanipa mkono. Sijui kama ataacha kuitumia. Watu wachangamfu hawaachi hadithi nzuri kirahisi.

Kwa hiyo narudi, mafunzo yakiisha kabla ya Krismasi. Narudi mtu wa kodi kama nilivyoondoka, na sina cha kuwaambia rafiki zako ila ukweli. Siji kuomba mbuzi. Wote wawe wa Njiru, na Mwende ni shahidi kwa kuwa anausoma mstari huu kwa mdomo wake mwenyewe. Ninachotaka ni ile safari. Nataka nitembee nyuma yako na fimbo yako ya akiba, tupumzike unapopumzika, nisikie unavyowaita rafiki zako na wanavyokuita. Nataka siku moja, ukiwa hupo, nikitokea kwenye boma la watu huko bondeni mtu aseme, "Huyu ni wa Nyaga," aniletee maji bila kuuliza nimefuata nini. Ofisi haiwezi kunipa hicho, na kile kisomo cha Uholanzi hakina. Ni wewe tu unacho.

Mpe Mama hili busu la kizungu shavuni, akikufukuza mwambie nimelituma mimi. Njiru, ndugu yangu, umeyasikia yote, wala usinune: wewe utatangulia, mimi nitafuata. Wanja akaze hesabu, na viatu vikimbana asinyamaze. Ami Njagi umsalimie kwa sauti kubwa, sikio lake zuri ni la kushoto. Mwende, wewe umechoka kusoma, kunywa maji, imebaki salamu moja.

Hiyo ni ya Mzee Nthiga, na naomba uipeleke mwenyewe Baba, mguu ukikubali, wala usiitume kwa mtu. Mwambie sijasahau vumbi lililokuwa kwenye kope zake. Mwambie hofu yake naiheshimu, na simwombi aniamini kwa maneno. Nitafika kwake jioni, mbuzi wakirudi. Nitasimama mlangoni nimewapa mgongo, uso wangu nimeuelekeza njiani, niwasikie tu kwato zao wakipita nyuma yangu mpaka wa mwisho. Na sitageuka mpaka yeye mwenyewe aniambie, "Mwana wa Nyaga, geuka."

Mwanao akupendaye,
Ireri